Mama Gani Atamtumia Mtoto Alama Mbili

Kimumu, Eldoret
9 Februari 2025

Mwanangu Jerop,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Sisi huku tuko wazima, ikiwa wewe pia uko mzima huko Nairobi. Baba yako Mzee Kipyego anakusalimu. Goti lake bado linamsumbua asubuhi, lakini likisikia mpira kwa redio linapona. Ndugu yako Kipkirui anakusalimu. Yeye anatafuta kazi na kazi inamtafuta, shida ni hawajaonana. Mama mdogo wako Jepkosgei kule Kaptagat anakusalimu, anasema ulimwahidi kitambaa cha meza. Zeinab wa duka anakusalimu, pamoja na bwana yake Bashir, ambaye ndiye amekuletea hii katoni kwa lori lake, juu ya magunia ya mahindi ya Moi's Bridge. Ng'ombe yetu Nyeusi amezaa ndama jike na nimemwita Daktari, kwa heshima yako. Kuku pia wanakusalimu, wale mwewe amewaacha.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Ile kazi ulinifundisha Krismasi ya juzi, kabla usahau njia ya nyumbani, nimeifanya. Niliingia kijitoni hapa nyuma ya shamba nimevaa gambuti za baba yako. Wavu niliuweka upande maji yanakoelekea, kisha nikakanyaga mawe mbele ya mdomo wake kama mtu anakanda udongo wa kukandika nyumba, wadudu wakasombwa na maji wakaingia ndani. Nikamwaga kwa trei nyeupe, nikawatia chupani na ile spiriti yako ya kunuka hospitali.

Uliniambia dakika tatu. Saa yangu ilikufa, lakini usijali, ninaimba ule wimbo wa akina mama wa kanisa tangu mwanzo hadi mwisho, na Zeinab alinipimia kwa simu yake, ni dakika tatu kamili. Simu yangu ndiyo ile ilianguka kwa ndoo, haijafufuka.

Na ukiwa hapo kwa kusoma, unakuja nyumbani lini? Nimetia chupa ya mursik kando, yale maziwa yetu ya kuganda. Usichanganye na hiyo ya wadudu. Nijibu upesi, Bashir anarudi wiki ijayo.

Ni mimi mama yako,
Mama Jerop

*

Nairobi
24 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa Baba na goti lake, Kipkirui, Zeinab na Bashir, na Daktari mwenye miguu minne.

Mama, sampuli ni safi sana! Nimekuta wale wenye mikia mitatu, nimekuta wale wanajijengea nyumba za mchanga wakaishi ndani, hata kaa mdogo. Nilimwonyesha mwalimu wangu, Daktari Akumu, akauliza ni nani huyo amekusanya vizuri hivi. Nikasema ni mama.

Najua utaniuliza wadudu wanasema nini. Nakueleza. Maji yakipimwa kwa mashine yanakuambia tu habari za leo. Mtu akimwaga uchafu jana usiku, leo umeshapita, mashine haioni. Lakini mdudu analala hapo kila siku. Akishindwa, anahama au anakufa. Kwa hivyo kila mdudu ana alama zake, kama mtihani. Yule wa mikia miwili, mweusi, anayeshika mawe, hawezi kuvumilia uchafu hata kidogo, anapewa kumi na mbili. Kwetu hajaonekana. Mikia mitatu wanapewa nyingi pia. Yule mwekundu kama uzi, ambaye si mnyoo hasa, ni mtoto wa kijidudu kama mbu, anaishi hata kwa tope linalonuka. Yeye anapewa mbili tu. Tunajumlisha, tunagawa, tunajua afya ya mto.

Na wale wa mikia mitatu, Mama, siku moja wanatoka majini, wanapata mabawa, wanaruka. Maisha yao ya hewani ni kama siku moja, basi.

Jambo moja la wimbo. Ukiwa na baridi unaimba haraka, na ukikutana na Zeinab unaongeza kiitikio. Tafadhali imba mwendo uleule kila mwezi. Ukikanyaga muda mfupi wadudu watakuwa wachache, nami nitafikiri mto ni mgonjwa kumbe ni wewe umesikia baridi.

Tuendelee na barua. Kwa simu ya Zeinab, ukiulizwa swali gumu unasema mtandao umepotea.

Wako,
Jerop

*

Kimumu
23 Machi 2025

Mwanangu Jerop,

Salamu nyingi kuliko majani ya Kaptagat. Baba yako ni mzima. Ndama Daktari ni mzima, ananyonya kama mtu anakimbizwa. Kipkirui ni mzima na Mungu amesikia, amepata kazi! Ni kazi ya maji. Anaamka mapema bila kumwagiwa maji kitandani, anakula, anaimba. Baba yako amemwita mwanaume kwa mara ya kwanza tangu amalize shule. Usiniulize zaidi, ni kazi tu, ya maji.

Mimi wiki jana nilienda Kaptagat kumwona mama mdogo wako. Alikuwa na kikohozi. Kumbe hakuwa na kikohozi, lakini nilikuwa nimeshafika. Kule ni kuzuri, msitu umeshuka hadi mtoni, maji ni ya baridi mpaka mifupa inalia.

Sampuli ya mwezi huu ndiyo hiyo. Utafurahi. Fungua polepole, ukiwa umeketi. Naona kijito chetu kimekuwa na bidii sana mwaka huu, hata wa mikia miwili amekuja, wawili. Mweleze huyo mwalimu Akumu ni mama amekusanya.

Pasaka utakuja? Nimemfungia jogoo mmoja ambaye hajui kwa nini anashibishwa. Jibu haraka.

Mama Jerop

*

Nairobi
6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi sana kwa Kipkirui, mpe mkono wangu.

Niliketi kama ulivyosema, nikafungua. Mama, nimekuta wa mikia miwili, wale wa alama kumi na mbili, wawili wa ukweli. Na chini ya chupa nimekuta nyuzi nyekundu, nyingi, kama mtu amekata sweta. Hao hawakai pamoja. Ni kama kukuta Askofu na mlevi wamelala kitanda kimoja. Mmoja wao si mwenyeji.

Daktari Akumu aliangalia kwa darubini, akainua nyusi moja tu. Hiyo nyusi yake ikiinuka watu hurudia mwaka. Alisema, “Jerop, sampuli moja ni uvumi. Ukitaka kuamini mto, uusikie kwa zaidi ya mdomo mmoja.”

Nakuuliza bila ubaya. Ulikanyaga mahali palepale, chini ya mti uliolala? Uliosha wavu kabla? Na swali lingine dogo: kama ulienda tu kumwona mama mdogo na kikohozi, ulijuaje maji ya Kaptagat ni ya baridi mpaka mifupani?

Kitambaa cha meza nitamtumia.

Jerop

*

Kimumu
1 Juni 2025

Mwanangu,

Nakusalimu. Baba anakusalimu, Daktari anakusalimu, jogoo hakusalimu kwa sababu Pasaka ilipita na wewe hukuja, tukamla kwa huzuni.

Najua barua imechelewa. Kosa si langu, ni la Bashir, na kosa la Bashir ni dini yake, kwa hivyo hakuna wa kulaumu. Nikueleze.

Spiriti yako iliisha. Nilikuwa na wadudu kwa trei wanatembea-tembea, nifanye nini? Nikafikiri, hii kitu inanuka kama nini? Inanuka kama kwa Mama Marvin. Wewe unamjua Mama Marvin na biashara yake ya nyuma ya nyumba. Mimi nimekuwa mweka hazina wa akina mama wa kanisa tangu uzaliwe, sijawahi kupita hata lango lake. Lakini mtoto ni mtoto. Nikajifunika leso, nikaenda wakati watu wako shambani, nikasema, “Mama Marvin, niuzie chang'aa kidogo, ni ya wadudu.”

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, “Wote huniambia hivyo, mama. Wengine ni ya mafua, wengine ni ya goti. Wewe ni wa kwanza wa wadudu.”

Kutoka kwa lango, nikutane na nani? Pasta, na baiskeli. Chupa mkononi. Nikamwambia ni masomo ya Jerop. Akasema tutaomba pamoja kwa ajili ya masomo ya Jerop.

Basi nikapeleka katoni kwa Bashir. Akanusa. Akairudisha chini kama imemuuma. “Mama Jerop, nakuheshimu kama mama yangu. Lori langu halibebi pombe.” Nikasema si pombe, ni wadudu. Akasema, “Hao wadudu wamelewa. Nikisimamishwa barabarani, polisi wataniuliza mimi au wataongea na wadudu?” Wiki tatu, Jerop. Mpaka Zeinab akapata spiriti kwa duka la dawa, tukawabadilishia nguo.

Kuhusu maswali yako. Mahali ni palepale. Wavu niliosha. Na maji ya Kaptagat kila mtu anajua ni ya baridi, hata kwa redio walisema.

Utakuja Agosti? Mvua imezidi, vaa sweta. Nijibu.

Mama Jerop

*

Nairobi
15 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako ndani ya maabara na nikatolewa nje kwa kucheka.

Wadudu walioza, pole. Chang'aa haina nguvu ya kutosha, ingawa najua watu wa huko hawatakubali. Nimetuma spiriti ya mwaka mzima.

Ndani ya katoni kuna kifurushi kirefu cha Zeinab. Kimeshonwa. Ni mambo yetu wasichana, mpe tu.

Jerop

*

Kimumu
13 Julai 2025

Mwanangu Jerop,

Salamu zetu zote, hasa za baba yako, ambaye goti lake limetabiri mvua ya mawe na ikaja. Kipkirui anaendelea vizuri na ile kazi. Amenunua viatu, na amenunulia baba yake kofia. Sijui nimshukuru Mungu kwa njia gani nyingine.

Kifurushi cha Zeinab nilimpa. Sikukifungua. Nilikipima tu kwa mkono, nikajua ni mwavuli. Lakini nashangaa, mvua inanyesha kila siku na yeye ananyeshewa akija kunywa chai yangu. Nikamuuliza, “Zeinab, mwavuli wako uko wapi?” Akatazama chini akasema anauhifadhi. Huyo msichana ameanza kuwa mchoyo wa kitu.

Sampuli ya mwezi huu nimeikusanya kwa moyo wangu wote. Nimeimba beti zote, bila haraka. Mikia miwili wako watatu sasa. Naona wameamua kuhamia kwetu.

Mama mdogo anakushukuru kwa kitambaa. Aliniambia mwenyewe nilipopitia huko, kwa shughuli nyingine.

Agosti iko karibu. Hujasema. Nijibu upesi.

Mama Jerop

*

Nairobi
27 Julai 2025

Mama,

Shikamoo.

Haukuwa mwavuli. Ulikuwa wavu.

Nilimwomba Zeinab akusanye mahali palepale, wiki ileile, bila wewe kujua. Usimkasirikie, alikataa mara mbili, alikubali nilipomwambia ni kwa sababu ya masomo yangu. Watu wawili, mahali pamoja, wavu wa aina moja, dakika zilezile, wanatakiwa kuleta kitu kinachofanana. Hakitalingana kama mapacha, lakini kifanane kama ndugu. Ndivyo tunajua kazi inaaminika.

Nimeweka chupa zenu mbili mezani. Ya Zeinab: nyekundu, nyekundu, ruba, nyekundu. Ya kwako: mikia miwili, mikia mitatu, wajenzi wa nyumba za mchanga. Alama za Zeinab ni za mfereji. Alama zako ni za chemchemi ya mlimani ambako binadamu hajafika.

Daktari Akumu alitazama zote mbili. Safari hii ziliinuka nyusi zote. Amesema kama sitaeleza tofauti hii, anaondoa kijito chetu kwa utafiti wangu, na bila hicho kijito nimebaki na mito miwili, haitoshi. Nitaanza upya, Mama. Mwaka mzima.

Kwa hivyo maswali ni mawili, na hapa hakuna mtandao wa kupotea. Hawa wadudu wazuri wametoka wapi? Na kazi ya maji ya Kipkirui ni kazi gani?

Jerop

*

Kimumu
10 Agosti 2025

Jerop,

Leo salamu ni fupi. Baba ni mzima, ng'ombe ni mzima, mimi si mzima.

Umeniletea mpelelezi! Ndani ya nyumba yangu! Mtu anakunywa chai yangu, anakula viazi vyangu, kisha jioni anakunja suruali anaingia mtoni kunichunguza! Nilimwendea dukani siku ileile. Nikasimama mbele ya wateja nikasema, “Zeinab, nipe sukari, na unipe pia mwavuli wangu.” Akaanza kulia. Mimi pia nikaanza kulia. Bashir akafunga duka akatuacha ndani mpaka tumalize. Tumemaliza. Amenirudishia nusu ya aibu, nusu nimebaki nayo.

Sasa sikiliza.

Ni wewe uliniandikia barua, ninayo hapa chini ya Biblia, ukasema mdudu huyu ni kumi na mbili na huyu ni mbili, kama mtihani. Ukasema hivyo, kama mtihani. Mwezi wa tatu nikaingia mtoni, nikakanyaga, nikamwaga kwa trei, na nilichoona ni nyuzi nyekundu. Nikatafuta, nikageuza mawe, nikaimba wimbo mara mbili. Nyekundu. Nikakaa kwa jiwe nikafikiri: mtoto wangu yuko Nairobi, peke yake, mbele ya walimu, anangoja mzigo kutoka nyumbani, na mimi nimtumie mbili? Mama gani atamtumia mtoto alama mbili? Mgeni akija tunachinja jogoo, hatumpi mahindi ya kuku. Nikisafirisha mursik natafuta ile ya kibuyu kizuri. Hata kiazi nikikutumia nachagua kisicho na jicho. Basi nikaenda Kaptagat nikakuchagulia.

Wale wekundu niliwaacha chini ya chupa kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu nilidhani kukiwa na wazuri hutawaona. Nilikuwa sijui macho ya huyo Akumu.

Mama mdogo wako alinikuta mtoni na sketi imefungwa kiunoni, akauliza kama nimepoteza pete. Nikamwambia ndiyo. Amekuwa akiitafuta tangu Machi, masikini. Nitamweleza.

Na Kipkirui. Wewe ni mwerevu, umeshajua. Anaosha pikipiki. Pale juu, kabla ya mti uliolala, wanateremsha pikipiki hadi majini, sabuni, oili, kila kitu. Wanakuja mpaka watu wa Sugoi. Niliona povu siku ya kwanza. Jerop, nilimwona pia mtoto wangu akicheka. Miaka miwili amelala akitazama ukuta, na sasa anacheka na ana viatu. Ningesema nini? Nikikuandikia mto ni mbaya, utaniuliza nani ameuharibu. Nikinyamaza, nyuzi zinasema zenyewe. Nikaona ni heri niwafiche kwa wageni wazuri.

Sikufanya ubaya. Nilifanya umama. Sasa niambie nifanye nini kabla huyo mwalimu hajashika kalamu.

Mama yako

*

Nairobi
31 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo mara kumi na mbili.

Nilikasirika siku moja. Ya pili nikasoma tena barua yako mahali palepale, mama gani atamtumia mtoto alama mbili, na nikashindwa kukasirika. Nilimsomea Daktari Akumu. Akasema, “Na mimi mama yangu angefanya hivyo hivyo, ila angetia na samaki.”

Kosa ni langu pia. Nilikuambia ni mtihani, sikukuambia ni wa nani. Alama si zangu, Mama, wala si zako. Ni za maji. Wewe ukiniletea mbili, na hiyo mbili ndiyo ukweli, umenipa kila kitu. Ukiniletea kumi na mbili za kuazima, umeniambia mgonjwa ni mzima, na daktari ataenda nyumbani alale.

Daktari Akumu amekubali tuendelee, kwa masharti. Chupa za Machi na Julai zimetupwa, na nitaandika kwa nini, bila jina lako. Kuanzia sasa mkusanye wewe na Zeinab, kila mmoja peke yake, juu ya pale anapoosha Kipkirui na chini yake. Juu kukiwa kuzuri na chini kubaya, hatuhitaji kumsema mtu, mto utasema. Na ndiyo maana ya kazi yangu, kuonyesha kama wadudu wanaokusanywa na watu wa nyumbani wanaweza kuaminika.

Kipkirui sitamwandikia. Najua utamwambia mwenyewe, na najua utaanza na chakula.

Kuhusu kuja nyumbani, labda Desemba, lakini kazi ni nyingi hapa. Tutaona.

Jerop

*

Kimumu, Eldoret
9 Novemba 2025

Mwanangu Jerop,

Leo nakusalimu kwa utaratibu. Baba yako anakusalimu, goti lake limeshuka hadi mtoni na kupanda tena, utaelewa kwa nini. Zeinab anakusalimu, tumerudi kwa chai, ingawa sasa akishika kikombe nauliza ni sampuli ya ngapi. Bashir anakusalimu, bado ananusa kila katoni. Mama mdogo anakusalimu, ameacha kutafuta pete na ameanza kuniita Mikia Miwili mbele ya watu. Pasta anakusalimu na anauliza masomo yako ya chang'aa yalifika wapi. Daktari ameachishwa kunyonya, amekasirikia kila mtu.

Chupa za Septemba na Oktoba ulipata. Uliona mwenyewe. Juu mikia mitatu, chini nyuzi nyekundu, yangu na ya Zeinab ndugu kabisa, mpaka ruba walilingana. Nilituma alama zangu mbili bila kukuchagulia hata mdudu mmoja. Nilifunga kifuniko haraka kabla sijabadili mawazo.

Kipkirui nilimpikia kuku kwanza, ni kweli. Akala, akanitazama, akasema, “Mama, sema tu, kuku wa katikati ya wiki si bure.” Nikamwonyesha trei mbili, ya juu na ya chini. Nikamwambia hii ni kabla yako na hii ni baada yako. Akasema, “Kwa hivyo mimi ndiye huyu mwekundu?” Nikamwambia wewe ni mtoto wangu, mwekundu ni povu lako. Alitoka akapiga mlango. Siku mbili hakuosha kitu, na mimi sikulala, nikiogopa anarudi kwa ule ukuta wake. Siku ya tatu nikasikia jembe. Anachimba shimo huko barabarani kando ya duka la Zeinab, Bashir amemletea mawe na tangi kuukuu. Sasa anaosha huko, uchafu unaishia kwa mawe, haufiki mtoni. Tena amesema ni heri huko, wateja hawateremki tope, na hata lori la Bashir linaingia. Viatu bado anavyo.

Sasa jambo lenyewe. Alhamisi niliingia chini ya mti uliolala, pale pale pabaya. Niliimba beti zote. Nikamwaga kwa trei. Nyekundu, ndiyo, lakini wachache. Na kwa kona moja, kitu kikasimama. Mikia mitatu. Mdogo, mwembamba, anatikisa mikia kama ng'ombe anafukuza nzi. Nikatafuta mwingine. Wako wawili.

Jerop, nilipiga kelele mpaka Kipkirui akadhani nimeanguka. Kisha nikakumbuka: nani ataniamini? Mimi! Nikikutumia mikia mitatu, Akumu atainua nyusi zitoke kichwani. Nikamwita Zeinab, akaona. Nikamwita Bashir, akaona, akanusa, akaona tena. Nikamwita baba yako, akashuka na goti lake, akasema anaona, lakini hana miwani na alikuwa anatazama jani. Kipkirui alitazama kwa muda mrefu kuliko wote. Alichukua trei mwenyewe, akawarudisha majini polepole, upande wa mawe.

Kwa hivyo chupa Bashir amekuletea leo ni tupu. Usimlaumu, hajamwaga. Nimeiandika kwa penseli kama ulivyonifundisha, mahali, tarehe, na jina la mkusanyaji. Hapo kwa jina soma vizuri. Nimeandika la kwako.

Fikiri mwenyewe. Mimi siaminiki, Nairobi nzima inajua. Zeinab ni rafiki yangu. Kipkirui ni mshtakiwa. Bashir ni mume wa mpelelezi. Baba yako anapima majani. Ni nani amebaki anayeweza kuingia huo mto na huyo mwalimu akubali? Gambuti nimekupakia mafuta. Tangu Krismasi ya juzi hujaingia kwa hii nyumba, na nimekuuliza karibu kwa kila barua, nawe umenijibu kila kitu, lakini hicho ukaniambia tutaona tu. Sasa si mimi nakuita. Ni utafiti.

Leta hiyo chupa. Bashir anarudi Ijumaa, ana kiti kimoja mbele. Jibu upesi, mwanangu, hata neno moja kwa simu ya Zeinab, sitasema mtandao umepotea. Ulinieleza mwenyewe hao wa mikia mitatu wakipata mabawa hawangoji mtu.

Ni mimi,
mama yako wa alama mbili